Karatasi tano za kura, na ipi ina mlango wa mahkama

Ilikuwa baada ya laasiri, kwenye barza moja ya Wete, Pemba, na watu watatu walikuwa wakisema neno moja: "Hili tunakwenda nalo mahkamani." Nilikaa nao mpaka birika la kahawa likapoa ndipo nikafahamu kwamba kila mmoja ana lake. Wa kwanza alikuwa na uchungu wa udiwani wa wadi yao. Wa pili alikuwa anasema matokeo ya Rais. Wa tatu alikuwa ameona kwenye televisheni watu wa Bara wakipinga uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, naye akataka sheha wake, yule kiongozi wa serikali wa shehia yao, afanyiwe vivyo hivyo. Kwa hesabu yao ni kesi tatu. Kwa sheria iliyopo, ni moja.

Mimi ni msaidizi wa sheria, si wakili, na tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 haipiti wiki bila ya mtu kunishika mkono njiani: "Maalim, hivi ile kesi inafunguliwa wapi?" Jawabu fupi hakuna, kwa sababu suali hilo limebeba mengine matatu ndani yake. Unapinga kura ipi? Wewe ni nani katika kura hiyo? Na mkononi una nini? Wengi wanaonijia wana jawabu la nne tu, hasira, na hilo mahkama hailiulizi.

Kwanza tutenganishe maneno, maana barzani yote huitwa "kukata rufaa". Lalamiko ni habari unayompelekea mtu wa Tume ya uchaguzi, kituoni au ofisini, ili arekebishe jambo wakati kazi bado inaendelea: wakala wa mgombea katolewa nje, jina la mpiga kura halionekani daftarini, sanduku halina lakiri. Pingamizi huwekwa mapema zaidi, wakati wa uteuzi, pale unaposema mgombea fulani hana sifa. Huanzia kwa msimamizi wa uchaguzi, na asiyeridhika hupanda nalo Tume. Shauri la uchaguzi ndiyo kesi yenyewe, na haizaliwi mpaka mshindi ametangazwa. Hapo kunakuwa na mlalamikaji upande mmoja, na upande wa pili walalamikiwa, ambao mara nyingi ni mshindi, msimamizi aliyemtangaza na Mwanasheria Mkuu. Rufaa huja mwisho kabisa. Huwezi kukata rufaa ya hukumu ambayo haijatolewa, lakini nimeshaonyeshwa barua tatu zenye kichwa cha habari "rufaa" zilizoandikwa kabla hata karatasi ya kwanza haijafika mahkamani.

Sasa kura zenyewe. Mzanzibari aliyeandikishwa huingia kituoni akatoka ametumbukiza karatasi tano. Mbili ni za Muungano, ya Rais wa Jamhuri na ya mbunge, na mwenye kuzisimamia ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Tatu ni za Zanzibar: Rais wa Zanzibar, mwakilishi wa Baraza la Wawakilishi na diwani. Hizo ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC, chini ya Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Nam. 4 ya 2018. Ubunge una sheria yake nyengine, ya Muungano, Nam. 1 ya 2024. Skuli ni ile ile, foleni ni ile ile, na hata wino wa kidoleni unaufikiria ni mmoja, ndiyo maana watu huona ni uchaguzi mmoja. Ni kama kwenda sokoni Chake ukanunua samaki kwa huyu na ndizi kwa yule. Samaki akiwa ameoza humrudii muuza ndizi, ingawa meza zao zimegusana. Mtu anayepinga ubunge kwa kutaja vifungu vya sheria ya Zanzibar, au anayepinga uwakilishi kwa sheria aliyoipakua ya Muungano, amekwenda meza siyo, na mahkama itamwambia hivyo kabla haijasikia hata shahidi mmoja.

Kuhusu sheha, jawabu ni jepesi. Sheha wetu hapigiwi kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa hiyo hakuna matokeo ya kupinga. Uchaguzi alioutazama yule bwana kwenye televisheni ulifanyika Bara Novemba 27, 2024, wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, na uliongozwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa kanuni zake wenyewe. Kamati za rufaa zilizotajwa kule ni za kule. Ukiwa na dai juu ya sheha, kwa mfano kwamba alikataa kukutambua wakati wa kuandikisha wapiga kura, hilo ni lalamiko la uandikishaji, na wakati wake ulikuwa wakati wa uandikishaji. Na hili husahaulika sana. Watu hunyamaza daftari likiwekwa hadharani, wakaja kulikumbuka siku ya kuhesabu kura.

Kuhusu Rais, jawabu ni zito zaidi. Katiba ya Zanzibar inasema kwamba Tume ikishamtangaza mgombea kuwa Rais, hakuna mahkama yenye uwezo wa kuuchunguza uchaguzi wake. Katiba ya Muungano ina ibara kama hiyo, ya 41(7), kwa Rais wa Jamhuri. Kwa hiyo karatasi mbili kati ya zile tano hazina mlango kabisa. Wazee wanaokumbuka 1995 wanajua uzito wa jambo hili. Mwaka ule Dk. Salmin Amour alitangazwa Rais wa Zanzibar kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad, tofauti ya kura 1,565 kwa visiwa vyote. Katika udiwani au uwakilishi, tofauti nyembamba kiasi hicho ndiyo ya kwanza kupelekwa mahkamani. Kwa urais haikuwa na pa kupelekwa.

Hapo vijana wa barzani huniuliza, "Na ile mahkama ya Arusha?" Ni kweli, Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu Julai 2020 katika shauri la wakili Jebra Kambole, ikasema ibara ya 41(7) inakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu kwa kumfungia mtu mlango wa kusikilizwa. Watu wameichukua hukumu hiyo kama kwamba mlango umeshafunguliwa. Haukufunguliwa. Hukumu iliitaka serikali ibadilishe Katiba, na Katiba hubadilishwa na Bunge. Isitoshe, Novemba 2019 Tanzania ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuondoa ruhusa ya mtu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahkama hiyo. Maoni yangu, na nayasema barzani kila siku, ni kwamba sheria inayomruhusu mtu kupinga kura za wadi moja ikamkataza kupinga kura za nchi nzima ina mambo ya kujieleza. Lakini maoni yangu si mlango.

Kuna na neno "kufuta", ambalo kwetu lina kidonda. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa ZEC wa wakati ule, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar uliofanyika siku tatu kabla, na ukarudiwa Machi 20, 2016 huku chama cha upinzani cha CUF kikiususia. Kule ni kufuta kwa tangazo la Tume, na mabishano juu ya kifungu gani kilimpa mwenyekiti uwezo huo hayajesha mpaka leo. Mahkama haifuti, inabatilisha: inasikiliza pande mbili, inapima ushahidi, inaandika sababu, halafu inasema uchaguzi wa mtu huyu katika eneo hili ni batili. Tangu 2015 watu wengi wamebaki na picha kwamba uchaguzi ni kitu cha kufutwa asubuhi moja kwa hotuba, kwa hiyo wakienda mahkamani hutegemea jambo kama hilo. Watakaa miezi.

Tumebaki na ubunge, uwakilishi na udiwani. Kwa uwakilishi mlango ni Mahkama Kuu ya Zanzibar, ambayo kwa sisi wa Pemba inapatikana Chake Chake. Majimbo yetu ya uwakilishi ni 18 kati ya 50, kwa hiyo si jambo geni hapa.

Nani anaweza kufungua? Mgombea aliyeshindwa, hilo halina mgogoro. Mpiga kura wa eneo hilo pia anaweza kuwa na njia, lakini hapa kuna jiwe ambalo wengi hujikwaa. Aprili 2012 Mahkama Kuu kule Arusha ilimvua ubunge Godbless Lema kwa shauri lililofunguliwa na wapiga kura waliosema kampeni zake zilikuwa za matusi dhidi ya mpinzani wake. Desemba mwaka huo huo Mahkama ya Rufaa ilimrudishia kiti. Sababu haikuwa kwamba matusi ni mazuri. Walioshitaki hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa: aliyetukanwa, kama alitukanwa, ni mgombea, naye hakushitaki. Mahkama ya Rufaa ni ya Muungano, kwa hiyo kauli zake huskilizwa pande zote mbili za bahari. Ukiwa ni mpiga kura na unataka kushitaki, jiulize wewe binafsi umenyimwa nini. Ulikataliwa kupiga kura? Jina lako lilipigiwa kura na mwengine? Kama jawabu ni kwamba mgombea wako kaonewa, basi mwenye kesi ni yeye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndiyo mzizi wa yote. Siku ya tatu baada ya matokeo alinijia kijana mmoja aliyegombea udiwani. Alikuja na mkoba wa ukili, akaumwaga juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na simu yenye video ya sekunde arubaini inayoonyesha migongo ya watu kwenye foleni, ukurasa wa daftari wenye majina kumi na moja yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, na barua ya chama yenye mhuri. Nikamuuliza, "Fomu za matokeo ziko wapi?" Akanitazama. Wakala wake alitoka kwenda kusali magharibi, aliporudi kura zimeshahesabiwa na fomu zimeshagaiwa. Wakala huyo hakuomba nakala. Hakuandika popote kwamba hakupewa. Alikunja mkeka wake akaenda nyumbani.

Sisi watu wa karafuu jambo hili tunalijua. Mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi hubishaniwa pale pale, karafuu zikiwa bado zimo ndani ya kipimo. Ukizipeleka kavu kituoni kuuza, unasimama mbele ya mizani, unatazama namba, unachukua stakabadhi. Ukirudi wiki ya pili na kusema mizani ilikula kilo tano, utaulizwa kitu kimoja tu: stakabadhi inasemaje? Kituo cha kura ni mizani. Kura huhesabiwa pale kituoni, fomu hujazwa pale, mawakala husaini pale, na nakala ndiyo stakabadhi. Kinachosomwa na msimamizi usiku kwenye majumuisho ni jumla ya zile stakabadhi. Bila ya kuwa nazo, huna njia ya kuonyesha kwamba namba iliyotoka kituoni siyo iliyofika jimboni.

Na kuna uongo unaotembea kila uchaguzi, kwamba wakala akikataa kusaini, matokeo ya kituo hicho yameharibika. Hayaharibiki. Kukataa kusaini bila kuandika sababu ni kukaa kimya kwa ukali. Wakala anayejua kazi yake anaandika: saa ngapi sanduku lilifunguliwa, namba ya lakiri, nani alitolewa nje na kwa kauli gani, kura ngapi ziliharibika. Anaomba kuhesabiwa upya pale pale kama ana shaka. Akinyimwa, anaandika kwamba kanyimwa. Karatasi hiyo, hata ikiwa na doa la chai, ina nguvu mahkamani kuliko mkutano wa waandishi wa habari.

Lakini tuseme unazo karatasi zote, na umethibitisha kasoro. Bado hujashinda. Hapa ndipo watu wengi huondoka mahkamani wakisema wameonewa, kwa sababu hawakuelezwa kipimo. Kasoro peke yake haibatilishi uchaguzi; lazima iwe imegusa matokeo. Kauli inayorudiwa mpaka leo ni ya Jaji Mkuu Georges katika shauri la Mbowe na Eliufoo la 1967. Alisema mambo mawili. Kwanza, mahkama iridhike bila ya shaka ya maana, yaani kipimo kizito kama cha jinai. Pili, ukishayaondoa yale yaliyoharibika, tazama mchuano umekaaje. Ukiwa umekaribiana mno kuliko ulivyotangazwa, matokeo yameguswa. Mshindi akibaki mbali hata baada ya kupunguziwa, hayakuguswa.

Chukua wadi ya mfano. Mshindi kapata kura 812, wa pili 774. Tofauti ni 38. Umethibitisha kwamba watu 15 wasiostahiki walipiga kura. Hatujui walimpigia nani, kura ni siri, basi tumtoe mshindi zote 15: anabaki na 797, bado yuko mbele kwa 23. Mlalamikaji atasema mchuano umekaribiana, wakili wa mshindi atasema bado uko wazi, na jaji atakuwa na kazi. Ukithibitisha 60, hesabu imeangukia upande wako. Ukithibitisha 15 hao hao katika jimbo ambalo mshindi kaongoza kwa 2,000, umepoteza nauli. Gunia la karafuu lenye makonyo matatu, yaani vile vikonyo vyake, bado ni karafuu. Gunia lililo nusu makonyo halinunuliwi. Ndiyo maana namwambia kila mtu aanze na kutoa na kujumlisha kabla hajamtafuta wakili, na wengi hesabu hiyo inawatosha, wanakunywa maji wakarudi kazini.

Fedha nazo zina kisa chake. Sheria ya uchaguzi ya Muungano iliwahi kumtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kwa ajili ya gharama, la sivyo shauri lake halipangiwi siku. Mgombea mmoja, Julius Ndyanabo, aliipinga, na Mahkama ya Rufaa chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta ikasema sharti lile linamfungia masikini mlango wa haki, ikalitupa. Faida ya kisa hiki kwa mtu wa kawaida ni ndogo lakini ya maana: ukitajiwa dhamana usiyoiweza, usikunje jamvi. Mwambie wakili wako aulize kama unaweza kuomba ipunguzwe. Ila usidanganyike kwamba kesi ni bure. Kuna ada, kuna kusafirisha mashahidi, na ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzako.

Mengine nayapitia haraka. Kufungua shauri hakumzuii mshindi kuapishwa. Atakaa kitini mpaka mahkama iseme vyengine. Ukishinda, mara nyingi hupewi kiti, watu hurudi kupiga kura katika uchaguzi mdogo. Ripoti ya waangalizi si ushahidi kwa kuwa imechapishwa vizuri. Aliyeona kwa macho yake aje aape. Video ni hivyo hivyo. Aliyeipiga aje na simu yake, aseme alisimama wapi na saa ngapi, siyo "nimetumiwa kwenye grupu". Kura ya mapema, ile ya siku moja kabla ambayo kwetu ililetwa na sheria ya 2018, imo ndani ya sheria, kwa hiyo kuilalamikia kwamba ipo hakukupeleki popote. Kinachoweza kukupeleka ni kuonyesha nani alipiga siku ile na hakustahiki.

Na muda. Muda wa shauri la uchaguzi ni mfupi kuliko kesi nyengine, kwa makusudi, ili jimbo lisikae miaka halijui mwakilishi wake ni nani. Unahesabiwa tangu siku ya kutangazwa matokeo. Hausubiri chama kikutane, wala matanga yaishe, wala hasira zipoe, na ukipita, ushahidi wako hata ukiwa wa dhahabu unabaki mkobani.

Yule kijana wa mkoba wa ukili alirudi kesho yake alfajiri, viatu vina tope. Alikuwa amekwenda kwa wakala wake, na kumbe yule bwana, pamoja na kasoro zake, alikuwa na daftari dogo la mfukoni alilokuwa akiandika saa na idadi ya waliopiga kura mpaka adhana ya magharibi. Nakala mbili za fomu zilipatikana kwa mawakala wa chama chengine, vituo vya jirani. Tulizitandaza juu ya mkeka, tukaanza kujumlisha. Tofauti yake ilikuwa kura 41. Akauliza, "Maalim, zimenibakia siku ngapi?" Nikamuonyesha kalenda ya ukutani, nikaweka kidole juu ya usiku ule msimamizi aliposoma majina, na nikamwambia gari la kwanza la kwenda Chake linaondoka saa kumi na mbili na nusu.